Lubumbashi: mji wa shaba, gari zenye waya wa bandia

Siku ya Jumamosi, mtu anayepita kwenye gereji za kando ya barabara katika komuni za Kamalondo, Kenya na Katuba hukuta picha ileile. Toyota moja imefunguliwa kofre. Ndani yake kuna sanduku la mbao lililofunikwa kwa zulia jeusi, na kwenye sanduku bafle mbili za besi, zile ambazo vijana huziita sabufa, pana kama sinia ya kulia bukari. Pembeni kuna ampli inayong'aa, imeandikwa 3000 W kwa herufi za dhahabu. Mwenye gari amesimama na marafiki zake, anangoja kusikia mziki.

Fundi anauliza: "Mukubwa, tununue waya mzuri na fizibu ya mbele?"

Jibu ni lile la kila siku: "Aa, kijana wangu, pesa imekwisha kwenye bafle. Tafuta tu waya wowote ulio nao. Mimi nataka besi."

Fundi anatii, kwa sababu akikataa mteja atavuka barabara na kwenda kwa fundi wa pili. Anachukua waya mwekundu mnene kwa macho, anaufunga moja kwa moja kwenye bateri, anaupitisha kwenye tundu la chuma chini ya dashibodi, anauzika chini ya zulia mpaka kofre. Ule mweusi anaufunga kwenye bolti ya kwanza anayoiona. Mziki unalia, vioo vinatetemeka, watoto wanacheza, watu wanapiga makofi. Jumatatu asubuhi, gari ileile inabeba abiria.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni wakati mji huu uliseme waziwazi. Watu wengi wanagombana juu ya kelele. Wazee wanalalamika kwamba hawalali, mama mwenye mtoto mchanga analalamika kwamba nyumba inatetemeka, na wote wana haki. Lakini kelele mtu anaisikia, anaweza kuikataa, anaweza kumwambia shofere apunguze. Waya uliozikwa chini ya zulia hakuna anayeusikia mpaka siku unapowaka. Ndani ya Hiace ya taxi-bus, motere iko chini ya viti vya mbele, abiria wamebanana mpaka nyuma, na mlango wao ni mmoja tu wa kusukuma. Mwenye gari aliyelipa bafle mbili akakataa kulipa fizibu moja ameamua juu ya maisha ya watu hao bila kuwauliza.

Mfinyanzi hulia gaeni

Jambo la aibu zaidi ni mahali ambapo haya yanafanyika. Lubumbashi ni mtoto wa shaba. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na mwaka uliofuata tanuru za Union Minière zikaanza kuiyeyusha. Kabla ya wazungu kufika, wahenga wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mukuba wenyewe na kuutengeneza misalaba iliyotumika kama pesa. Leo Congo ni nchi ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Kila siku malori yanapanga mstari kuelekea Kasumbalesa, yamebeba katode za shaba safi ya asilimia 99.99, yanavuka Zambia kwenda bandari za Dar es Salaam, Durban na Beira.

Kwa njia ileile ya Kasumbalesa, malori mengine yanarudi na makatoni ya vifaa vya mziki vilivyotoka China na Dubai. Ndani ya katoni kuna mfuko wa plastiki wenye waya wa kufungia ampli, na waya huo mara nyingi si shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba juu yake. Viwandani waya huu una jina lake la herufi tatu, CCA, na si haramu kuutengeneza. Tatizo ni kuuuza kama shaba. Kwenye duka la Lubumbashi, wangapi wanamwambia mteja ukweli huo? Shaba inatoka hapa safi, inarudi aluminiamu yenye vipodozi, na mtoto wa mji wa shaba anailipia dola zake akidhani amenunua mali ya nyumbani. Waswahili walikwisha sema: mfinyanzi hulia gaeni.

Cha kuchekesha, kama kingekuwa cha kuchekesha, ni kwamba mjini kuna watu wanaoijua tofauti vizuri sana. Mwizi anayekata nyaya za SNEL usiku hakosei hata siku moja kati ya shaba na aluminiamu. Mnunuzi wa mitrai anachukua kipande, anakipima mkononi, anakikwaruza kwa kisu, na kama kinang'aa cheupe ndani anakitupa pembeni kwenye bei ndogo. Mwenye gari ya dola elfu kadhaa hana hata wembe wa kukwaruza waya utakaobeba moto wote wa bateri yake. Mnunuzi wa mitrai anailinda pesa yake kuliko mwenye taxi-bus anavyowalinda abiria wake.

Hesabu ambayo hakuna anayeifanya

Kwa nini aluminiamu ni shida? Si kwamba haipitishi umeme. Inapitisha, ila kwa nguvu ya karibu theluthi mbili tu ya shaba. Maana yake ni kwamba waya wa aluminiamu unatakiwa uwe mnene mara moja na nusu ili ufanye kazi ya waya wa shaba. Wachuuzi wanafanya kinyume: wanapunguza nyuzi za ndani na kuongeza plastiki ya nje. Mteja anaushika, anauona mnene kama kidole, anafurahi. Amenunua plastiki.

Na hesabu ifanywe, kwa sababu si ngumu. Umeme wa gari ni volti 12, na motere ikizunguka unapanda mpaka karibu 14. Umeme wa nyumbani ni volti 220. Kwa sababu volti za gari ni chache, ampea lazima ziwe nyingi ili kupata nguvu ileile. Ampli inayovuta ampea 60 kwenye gari si kitu cha ajabu. Lakini ampea 60 ndani ya nyumba ya Katuba zingetosha kuendesha resho za umeme za mtaa mzima.

Sasa ampea hizo 60 zipitishwe kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 8, wenye urefu wa mita 5 kutoka bateri mpaka kofre. Pale besi inapogonga kwa nguvu zote, waya unakula zaidi ya nusu volti na kutoa joto la wati karibu 40. Ukiwa wa aluminiamu wa unene uleule, unakula volti moja nzima na kutoa joto la wati karibu 60. Hilo ni joto la ampuli ya zamani ya wati 60, imelazwa chini ya zulia, chini ya miguu ya abiria. Na kama nyuzi za ndani ni nusu ya zile zilizoandikwa kwenye mfuko, kama ilivyo kawaida ya mali ya bandia, joto linazidi wati 100. Kinyume chake, waya wa shaba ya kweli wa milimita za mraba 21 unatoa joto la wati 15 tu kwa kazi ileile. Tofauti kati ya waya mbaya na waya mzuri ndiyo hiyo, na haihitaji diploma.

Besi yenyewe inaumia pia. Volti zinazopotea njiani haziifikii ampli. Ampli yenye njaa ya volti inakata mawimbi ya sauti, na mawimbi yaliyokatwa ndiyo yanayounguza koili ya bafle. Mwenye gari anasema alinunua bafle mbaya. Anarudi dukani kununua nyingine, na waya uleule unamngoja.

Fizibu haiko kwa ajili ya ampli

Waya mbaya unapasha joto polepole. Waya usio na fizibu ni hatari ya aina nyingine kabisa, na hapo ndipo ujinga wa mafundi wengi unapokutana na ubahili wa wateja wengi.

Mtu akiuliza fizibu, au fyuzi kama wanavyosema wanaochukua mali Dar es Salaam, anajibiwa kwamba ampli tayari inazo ubavuni. Ni kweli, inazo. Lakini zile zinalinda ampli, na ampli iko nyuma. Waya wenye urefu wa mita 5 uko mbele yake, kutoka bateri mpaka kofre, na hakuna kinachoulinda. Fizibu ya mbele iko kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya ampli. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa na mafundi wa mziki wa gari kila mahali duniani inasema ikae karibu kabisa na bateri, isizidi sentimita 45. Fizibu iliyofungwa kwenye kofre kando ya ampli ni kama mlinzi anayelinda jikoni wakati mwizi anaingia mlango wa mbele.

Na mwizi huyo anaingia wapi? Anaingia pale waya unapopita kwenye ukuta wa chuma kati ya motere na viti. Tundu lile lina makali. Barabara za Ruashi na Katuba zina mashimo na vumbi, gari inatetemeka asubuhi mpaka usiku, na kila mtetemeko ni kisu kinachokatakata plastiki ya waya. Bila mpira wa kuuzunguka, siku moja plastiki inakwisha na shaba, au ile aluminiamu, inagusa mwili wa gari. Mwili wa gari ni negatifu. Bateri inajifunga yenyewe.

Bateri ndogo ya gari, kwa sekunde chache, inaweza kutoa mamia ya ampea. Ndiyo kazi yake: kuzungusha stata ya motere asubuhi. Mamia hayo yakipita kwenye waya wa milimita 8 ambao hauna fizibu, yanatoa joto la wati elfu tatu na zaidi. Hizo ni resho mbili au tatu za umeme zilizokunjwa ndani ya waya mmoja. Plastiki inayeyuka kwa sekunde, zulia linashika, sponji ya viti inashika. Kuzima kontakti hakusaidii, kwa sababu waya huo haupiti kwenye kontakti. Umetoka moja kwa moja kwenye bateri. Shofere anageuza ufunguo na moto unaendelea.

Fizibu ya mbele ingekatika kabla moshi haujaonekana. Gari ingekosa mziki, basi. Bei yake mtu anaweza kuitoa kwenye mfuko wa shati.

Wapo wanaofanya vibaya zaidi. Fizibu ikikatika mara mbili, wanaizungushia karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, au wanaweka kipande cha waya mahali pake, wanasema imetengenezwa. Fizibu inayokatika inasema neno: kuna kasoro mahali fulani. Kuifunga kwa karatasi ya sigara ni kumziba mdomo shahidi.

Uongo wa wati 3000

Wachuuzi wana sehemu yao ya lawama, na isiwe ndogo. Ampli inayouzwa kwa bei ya viatu inaandikwa 3000 W, nyingine 5000 W, na mnunuzi anaamini maandishi. Kuna njia rahisi ya kuumbua uongo huo bila mashine yoyote: kusoma fizibu zilizo ubavuni mwa ampli.

Zikiwa mbili za ampea 30, jumla ni 60. Ampea 60 mara volti karibu 14 ni wati zisizozidi 840 zinazoingia. Hakuna ampli inayotoa zaidi ya inachokula. Ampli nzuri za aina mpya, zile zinazoitwa klasi D, zinatoa sautini kama asilimia 80 ya wanachokula. Zile za zamani zinatoa karibu nusu au zaidi kidogo, nyingine yote ni joto. Kwa hiyo ile 3000 W ya herufi za dhahabu haifiki 700, na ikiwa ya aina ya zamani ni kama 500. Ili itoe 3000 za kweli ingevuta ampea zaidi ya 260. Alternata ya gari ndogo nyingi zinazopita mjini hutoa kati ya ampea 60 na 100, na hizo ni pale motere inapokimbia. Kwenye ambuteyaji ya jioni, gari imesimama, taa zinawaka na wiper zinafuta mvua, inatoa chini ya hapo. Kinachobaki kinanyonywa kutoka bateri. Ndiyo maana gari nyingi zenye mziki mkubwa zinasukumwa asubuhi na vijana wa mtaa. Wenye gari wanalaumu bateri, wanalaumu baridi ya mwezi wa saba, wanalaumu hata jirani. Hawalaumu hesabu.

Uongo mwingine ni wa mafundi wenyewe. Bafle mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 2. Zenye koili mbili mbili, zikifungwa zote sambamba, zinashuka mpaka omu 1. Ampli nyingi za bei ndogo hazivumilii omu 1, na zikiunganishwa mikondo yake miwili kuwa mmoja, nyingi hazitaki hata chini ya omu 4. Imeandikwa kwenye kikaratasi cha katoni. Fundi anakitupa kikaratasi, anafunga zote sambamba kwa sababu zinalia kwa nguvu zaidi siku ya kwanza, anapokea pesa yake. Wiki ya tatu ampli inanuka. Mteja anaambiwa: hiyo mali ya Dubai ndivyo ilivyo.

Majibu kwa wanaojitetea

Wenye taxi wanasema abiria wanataka mziki, na gari isiyo na mziki haijai haraka. Labda ni kweli, hasa kwa vijana wa shule na wa chuo. Hakuna anayewaomba wazime mziki. Wanaombwa waya. Bafle moja nzuri yenye waya wa kweli inalia vizuri kuliko bafle mbili zenye njaa, na hilo kila fundi mwaminifu wa Kamalondo atalikubali akiulizwa faraghani.

Wengine wanasema: "Gari yangu ina miaka miwili hivi, haijaungua." Huo si ushahidi. Plastiki inakatwa polepole, na kila mwezi wa vumbi umeila kidogo. Mtu aliyekaa miaka miwili chini ya paa linalovuja hana haki ya kusema paa ni zima kwa sababu halijaanguka.

Mafundi wanasema mteja hataki kulipa. Hapo wana haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba daktari hamchomi mgonjwa sindano chafu kwa sababu mgonjwa hana pesa ya sindano safi. Fundi anayejua hatari na bado anaufunga waya mtupu kwenye bateri amechagua. Mafundi wa mtaa mmoja wakikubaliana kwamba hakuna hata mmoja atakayefunga ampli bila fizibu, mteja atavuka barabara mara ngapi? Atachoka, atalipa.

Kuna na wale wa upande mwingine, wanaotaka mziki wa gari upigwe marufuku kabisa na bafle zote zichukuliwe. Hasira yao inaeleweka. Lakini waya mbaya haukuletwa na sabufa peke yake. Skrini za televisheni kwenye viti, taa za rangi chini ya gari, alamu, chaji za simu kumi kumi, mashine za kugeuza umeme wa bateri kuwa volti 220: vyote vinafungwa kwa mikono ileile na kwa waya uleule. Bafle zikichukuliwa leo, moto utabaki chini ya zulia.

Na polisi wa barabarani je? Wanaposimamisha gari wanauliza karatasi: asiransi, vinyeti, kontroli tekniki. Wanauliza pembetatu na kizimamoto, na ni vizuri kuuliza kizimamoto. Lakini kizimamoto ni cha baada ya moto. Kufungua boneti na kutazama kama waya mwekundu unaotoka kwenye bateri una fizibu kunachukua nusu dakika, na hakuhitaji mtaalamu. Kama kontroli tekniki ina maana ya kitu zaidi ya muhuri, na ianzie hapo. Shofere anayetozwa faini kwa kelele atapunguza sauti mpaka kona inayofuata. Shofere aliyezuiwa mpaka afunge fizibu atakuwa ameokoa watu.

Mambo matano ya kudai kabla ya kulipa

Wakati wakubwa wakingojewa, mwenye gari ana uwezo wa kujilinda leo. Kabla hajamlipa fundi, adai mambo matano, na asikubali jibu la "haina shida, mukubwa."

La kwanza, wembe. Waya ukwaruzwe mbele yake kabla ya kununuliwa. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukionyesha weupe ni aluminiamu. Na upimwe mkononi: aluminiamu ni nyepesi zaidi ya mara tatu kuliko shaba. Kama pesa zinaruhusu aluminiamu tu, basi uchukuliwe mnene zaidi, na ampli iwe ndogo.

La pili, unene uhesabiwe kwa nyuzi za ndani, si kwa plastiki. Kwa ampli yenye fizibu za jumla ya ampea 60, waya wa shaba wa milimita za mraba 21 unafaa na unabaki na nafasi. Ule wa 8 ni wa ampli ndogo.

La tatu, fizibu ya mbele, ndani ya sentimita 45 kutoka bateri, ndani ya kisanduku chake kilichofunikwa. Kipimo chake kifuate waya: wa shaba wa milimita 8 usipewe fizibu inayozidi ampea 50, wa 21 isizidi 100. Na penye tundu la chuma, mpira. Hakuna mpira, hakuna kupitisha waya.

La nne, masi. Waya mweusi uwe mnene sawasawa na mwekundu na uwe mfupi, chini ya nusu mita. Rangi ya gari ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha bolti ikazwe. Bolti za mikanda ya usalama ziachwe, hiyo si kazi yake. Masi mbaya inapasha joto kama waya mbaya, na inaleta ule mlio wa nyuki unaopanda na kushuka na motere. Nyaya ndogo za sauti nazo zipite upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme.

La tano, omu. Fundi aandike kwenye karatasi bafle zimefungwa kwa omu ngapi na ampli inakubali ngapi. Asiyeweza kuandika hajui, na asiyejua asishike bateri ya gari inayobeba watu.

Kazi ikiisha, mwenye gari apige mziki kwa nguvu kwa muda wa robo saa, azime, kisha apitishe mkono kwenye waya kuanzia bateri mpaka kofre, na kwenye kila kiungo. Waya uliofungwa vizuri unakuwa vuguvugu tu. Penye joto la kumfanya aondoe mkono, kazi haijaisha na pesa isitoke.

Abiria naye ana sauti. Akinusa plastiki inayoungua, asione haya mbele ya watu. Aseme "shofere, simama", ashuke, na awaambie wengine washuke. Nauli iliyopotea itapatikana kesho.

Mji huu umetoa shaba kwa zaidi ya karne moja. Nyaya za nyumba za Ulaya, za motere za treni, za gari mpya za umeme zinazosifiwa duniani, zina kitu kilichotoka chini ya udongo wa Katanga. Haiwezekani watoto wa udongo huo wapande kila asubuhi gari zenye waya wa plastiki na rangi, kwa sababu mtu mmoja alitaka herufi za dhahabu kwenye kofre akakataa kulipa mita 5 za mukuba. Jumamosi ijayo gereji zitafunguliwa tena. Kabla ya kuuliza besi inagonga namna gani, mwenye gari aulize fizibu iko wapi. Akionyeshwa nyuma kwenye ampli, aseme hapana, afunge mfuko wake, na avuke barabara yeye mwenyewe.